Kijana na Uchaguzi wa Kazi

Wazee wetu walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Mara nyingi methali hii hutolewa kumnyamazisha kijana anayesita mbele ya kazi, kana kwamba kuchagua kwenyewe ni uvivu. Sisi twaona ina maana pana zaidi. Mkulima aijuaye ardhi yake hahangaiki na majembe, kwa kuwa udongo umekwisha kumwambia lipi limfaalo. Anayehangaika ni yule ambaye bado hajaingia shambani.

Wanafunzi wetu wengi wa sekondari wako katika hali hiyo. Muulize kijana wa kidato cha pili anataka kazi gani, naye atajibu upesi: udaktari, urubani au uanasheria. Muulize daktari husomea miaka mingapi, na hukesha usiku kwa ajili ya nani, naye atanyamaza. Amechagua jina la kazi; kazi yenyewe haijui. Hata jina hilo pengine amelirithi kwa mzazi atakaye heshima, au kwa mkoloni aliyejenga shule ili apate makarani, akatuachia fikra kwamba mshika kalamu ni bora kuliko mshika nyundo. Mwalimu Julius Nyerere aliikemea fikra hiyo mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, lakini haijatutoka.

Je, mtu ana wajibu wa kuijua kazi kabla ya kuichagua? Twasema anao. Hasara ya uchaguzi wa kipofu haimpati mchaguzi peke yake: mwalimu asiyewapenda watoto huwadhulumu watoto wa watu kila siku aingiapo darasani. Tena milango hufungwa mapema. Mwanafunzi aachaye Fizikia na Kemia kwa kuogopa ugumu wake, amekwisha kuuaga udaktari bila kujua kwamba ameaga.

Wako watakaosema kwamba uchaguzi ni anasa ya wenye mali, na kwamba mtoto wa maskini hushika kilicho karibu. Hoja hii ni nzito, wala hatuidharau. Lakini kuuliza hakuna karo. Muuguzi, mpima ardhi na fundi umeme wamo wilayani mwetu. Kijana na awaendee kwa adabu, awaulize kazi yao ina taabu gani, yahitaji masomo yapi, na humshinda mtu wa namna gani. Akiisha kusikia, aweke lengo lenye hatua: masomo ya kutilia mkazo mwaka huu, chuo atakachoomba, na njia ya pili endapo ya kwanza itazibika. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo mikoani. Kwenda huko si kushindwa.

Wala kijana asidhani kwamba kazi ya mshahara humaliza utu wake wote. Shaaban Robert aliingia Idara ya Forodha mwaka 1926 akiwa karani, na katika utumishi huohuo wa serikali akakuza ushairi ambao taifa linajivunia hadi leo.

Basi walimu wasingoje mwaka wa mtihani. Wawafungulie vijana milango ya karakana, zahanati na mashamba wakiwa bado na nafasi ya kubadili nia, maana lengo lililowekwa kwa maarifa laweza kurekebishwa kwa maarifa.