Je, Kuwinda ni Dhambi?

Swali hili huulizwa mara kwa mara na Wakristo wakaao mashambani. Wengine huliuliza kwa mzaha, lakini lastahili jibu la kweli. Tuchukue mfano wa Uroa, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja. Mbele yake ni bahari, nyuma yake ni nchi ya maweni, ambayo udongo wake ni haba na mawe yake ni mengi. Mkulima wa nchi kama hiyo hupanda muhogo katika udongo mchache ulio baina ya mawe, na usiku nguruwe mwitu huja kuufukua. Mkulima huyo akikusanyana na wenzake, wakachukua mbwa na mikuki, wakaingia msituni, je, wamemkosea Muumba wao? Twajibu bila kusita: la.

Kanisa halikufundisha kamwe ya kwamba kuwinda ni dhambi kwa asili yake. Mwenyezi Mungu alimpa binadamu mamlaka juu ya wanyama, na Katekisimu yaeleza wazi kwamba ni halali kuwatumia kwa chakula na mavazi. Lakini Katekisimu hiyohiyo yasema kwamba kuwatesa wanyama au kuwaua pasipo haja ni kinyume cha heshima ya binadamu mwenyewe. Na Kitabu cha Mwanzo chatueleza kwamba Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Aliyepewa shamba alitunze si mwenye shamba. Ni msimamizi, na msimamizi hutoa hesabu.

Ndiyo maana Torati haikumwacha mwindaji aende apendavyo. Katika Kumbukumbu la Torati, mtu aliyekuta kiota njiani aliruhusiwa kuchukua makinda, lakini alikatazwa kumchukua mama pamoja nao. Katika Walawi, aliyewinda mnyama au ndege aliamriwa kumwaga damu yake na kuifunika kwa udongo, ili akumbuke kwamba uhai ule haukuwa wake. Jirani zetu Waislamu nao wana sheria inayofanana na hizi kwa roho yake: wakati wa kuchinja hulitaja jina la Mungu, na aliyehirimia Hija haruhusiwi kuwinda mnyama wa nchi kavu. Katika mafundisho hayo yote mwindaji husimama mbele ya Mungu, naye huambiwa: mpaka hapa, basi.

Swali letu, basi, si kama mtu aweza kuwinda, bali ni kitu gani kinachomtuma kuwinda. Mwenye njaa huwinda mpaka ashibe, kisha hurudi nyumbani. Njaa ya tumbo ina mwisho. Lakini ziko njaa nyingine mbili zisizoshiba, nazo ni hofu na tamaa. Zikimwingia mwindaji, kipimo chake huondoka, na hapo ndipo dhambi huanzia.

Historia ya kisiwa chetu yatupa mfano wa hofu. Zamani Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo wa umbo kuliko yule wa bara, ambaye wataalamu walimpa jina lake la pekee mwaka 1932. Ni kweli kwamba chui alikamata mbuzi na kuku, na mwenye mbuzi alikuwa na haki ya kumlinda mbuzi wake. Lakini chui huyo hakuuawa kwa ajili ya mbuzi tu. Watu wengi waliamini ya kwamba wachawi hufuga chui na kuwatuma wawadhuru majirani. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ukafanyika msako mkubwa kisiwani, wa kuwatafuta wachawi na kuwaua chui kwa pamoja. Kufikia miaka ya 1990 wataalamu waliona kwamba mnyama huyo ametoweka, au yu karibu kutoweka. Tangu hapo wako wanaosema wamemwona, na mwaka 2018 ilitangazwa kwamba kamera iliyotegwa msituni imemnasa. Lakini hakuna uthibitisho kwamba bado yuko.

Tulitafakari jambo hili. Mkuki ulimchoma chui, lakini aliyeogopwa alikuwa binadamu. Mtu alimshuku mwenziwe, na mnyama akalipa. Mwenye kuwinda kwa sababu ya kitoweo hujua ni wanyama wangapi wamtosha. Mwenye kuwinda kwa sababu ya hofu hatosheki, maana anayemtafuta hayumo msituni, yumo moyoni mwake. Kuua chui wote hakukuondoa shuku hata katika kijiji kimoja.

Kima punju naye, ambaye makao yake ya asili ni Unguja peke yake, ameshitakiwa miaka mingi kwamba anaharibu nazi. Wataalamu walipochunguza kwa makini kandokando ya Jozani, katika miaka ya 1990, walikuta kwamba minazi ambayo kima walikula vidaka vyake haikupungukiwa na mavuno. Hatusemi kwamba kila lalamiko la mkulima ni la uongo. Nguruwe ni mwizi kweli. Twasema tu kwamba hata mnyama yapasa asikilizwe kesi yake kabla ya kuhukumiwa.

Kuhusu tamaa, mji wetu hauhitaji kufundishwa. Katika karne ya 19 Unguja ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu, na mali ile ilijenga nyumba ambazo twazipita kila siku. Mchezo huo haukwisha na karne hiyo. Mwaka 2009 tembo wa Tanzania walikadiriwa kupata 109,000. Mwaka 2014 walikuwa wamebaki 43,000 hivi. Katika mwaka 2013 shehena ya pembe ilikamatwa hapahapa bandarini Zanzibar. Waliopiga risasi walikuwa wachache, na pengine maskini. Lakini anunuaye huwinda kwa mkono wa mwingine, na dhamiri yake haisafiki kwa sababu hakuishika bunduki.

Neno hili latuhusu pia sisi wadogo. Paa nunga, mnyama mdogo wa misitu yetu ya maweni, hayupo mahali pengine duniani ila hapa Unguja na katika pwani ya Kenya. Mwaka 1983 alikadiriwa kufikia 5,000 kisiwani. Mwaka 1999 hakufika hata 1,000. Misitu imekatwa kwa kuni na mkaa, na mitego imefanya kazi yake. Sheria humlinda, lakini sheria haiwezi kulala msituni kila usiku. Anayenunua nyama yake kwa siri mjini ndiye anayetega mtego wa kesho.

Wako watakaotuuliza: je, paa ana thamani kuliko watoto wetu? Hapana, mtoto mmoja ni bora kuliko paa wote. Lakini ni kwa ajili ya mtoto huyo twasema haya. Wavuvi wa Uroa na wa ghuba ya Chwaka wajua vizuri kuliko sisi kwamba wavu wa matundu madogo hujaza mashua leo, na kuwalaza watoto njaa mwakani. Msitu nao ni hivyo hivyo.

Na haki ina upande wa pili. Haifai mzigo wa kuwatunza wanyama wabebeshwe wakulima peke yao. Tangu mwaka 2004 Jozani na ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa. Wageni hulipa fedha waone kima, na sehemu ya fedha hizo huvifikia vijiji vya kandokando. Jambo hilo ni jema, na lastahili kupanuliwa, ili mkulima ambaye muhogo wake umeliwa asijione kuwa ndiye anayewalisha wanyama ambao wengine huwafurahia.

Basi, ndugu wasomaji, anayekwenda kuwinda na ajiulize maswali matatu kabla ya kufungua mlango. Je, nina haja? Je, sheria yaniruhusu? Je, nitakapotosheka, nitaweza kusema basi? Naye ambaye haendi kuwinda, bali hununua, na ajiulize maswali hayohayo sokoni. Mungu hatatuuliza tu tumekula nini. Atatuuliza pia tumewaachia nini wanaokuja nyuma yetu.