Mwalimu, na Mimi Nishike?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na maswahaba wake. Ama baad.



Kabla sijawausia lolote, nataka kukiri kosa langu, maana nasaha hii inaanza na nafsi yangu.

Mwaka jana tulitoka chuoni vijana sita, tukaenda shule moja ya msingi hapa Bujumbura kuwaonyesha watoto sayansi kwa vitendo. Tulivaa makoti meupe ya maabara. Tukakata chupa ya plastiki kitako, tukaigeuza mdomo chini, tukapanga ndani yake kitambaa, makaa yaliyopondwa, mchanga na kokoto. Juu yake tukamimina maji ya tope tuliyoyateka Mto Ntahangwa. Yakatoka chini maangavu. Watoto wakapiga makofi, nasi tukapiga picha.

Tulipokuwa tunafunga vifaa, binti mmoja wa miaka kama kumi alikuja mbele akaniuliza: "Mwalimu, na mimi nishike?" Nikamjibu kwamba muda umekwisha. Sikusema kweli. Tulibaki pale karibu nusu saa, tukipiga picha na wakubwa wa shule.

Usiku ule baada ya Magharibi nilikuwa nasoma Qurani, nikafika Sura ya 80, Abasa. Nikashindwa kuendelea.

Mnakijua kisa chake. Mtume (S.A.W.) alikuwa ameshughulika na wakubwa wa Makureshi, akitumaini watasilimu. Akaja Abdullah bin Ummi Maktum, mtu kipofu, mwenye hamu ya kufundishwa. Mtume akakunja uso, akaendelea na wale wakubwa. Kipofu hakuuona uso huo. Lakini Mwenyezi Mungu aliona, akateremsha aya za kumzindua Mtume wake: aliyekuja mbio kutafuta elimu ndiye aliyestahili kusikilizwa. Ikiwa Mtume, ambaye nia yake ilikuwa kuulingania Uislamu, alizinduliwa, je, mimi niliyemkatalia mtoto kwa ajili ya picha?

Ndugu zangu, mtoto anapoomba kushika kitu, si utundu. Nabii Ibrahim (A.S.) alimwomba Mola wake amwonyeshe jinsi anavyowafufua wafu. Akaulizwa kama bado haamini. Akajibu kwamba anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Mwenyezi Mungu hakumkaripia. Alimwamuru achukue ndege wanne, aweke sehemu zao juu ya milima, kisha awaite. Tazameni: jibu lilipitia mikononi mwa aliyeuliza. Ndipo moyo ukatulia.

Na wanazuoni wetu walilifahamu jambo hilo. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, alipochunguza mwanga hakutosheka na maneno ya waliotangulia. Alipanga taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza, kila taa ikatoa alama yake ya mwanga ukutani. Ukifunika taa moja, alama yake tu ndiyo inayotoweka. Akajua kwamba mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, na kwamba mianga inapopita katika tundu moja haichanganyiki. Jaribio hilo unaweza kulifanya leo kwa mishumaa mitatu na boksi lililotobolewa. Halihitaji maabara wala fedha za mfadhili.

Tulirudi shuleni wiki iliyofuata. Safari hii hatukuvaa makoti. Tulibeba chupa tupu tulizookota, mifuko ya mchanga na makaa, tukawagawa watoto makundi. Yule binti akatengeneza chujio lake mwenyewe. Maji yalipotoka maangavu, akakinga kikombe, akakipeleka mdomoni.

Tukamshika mkono. Akashangaa, akasema: "Si mlituambia yamesafika?"

Wallahi, niliogopa. Kumbe safari ya kwanza tuliondoka tukiwa tumewaachia watoto darasa zima fundisho la hatari. Mchanga na makaa huzuia tope, lakini vijidudu vya kipindupindu ni vidogo mno, vinapita. Maji yale lazima yachemshwe hadi yatokote ndipo yanyweke. Sisi tulilijua hilo, tulilisoma darasani. Hatukulisema, kwa sababu makofi yalitutosha. Mnaujua mji wetu, mnajua kipindupindu kinavyoingia katika mitaa iliyo karibu na ziwa. Kama tusingerudi, ni nani angemshika mkono mtoto huyo nyumbani kwao?

Basi nikajifunza pale kwamba uangavu si usafi. Maji ya mto yenye udongo unaweza kuyatawadhia, na maji yanayong'aa yakakuua. Na amali zetu ni vivyo hivyo. Kwenye picha zinang'aa. Ndani yake mna riya isiyoonekana kwa macho. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) ametueleza kwamba miongoni mwa watu wa mwanzo kuhukumiwa Siku ya Kiyama ni mtu aliyejifunza na kufundisha ili aitwe mwanachuoni. Ataambiwa kwamba ameshaitwa, kisha ataburutwa motoni. Tumwombe Mwenyezi Mungu atukinge.

Nawausia mambo matatu, na mimi nikiwa wa kwanza kuusiwa.

La kwanza, mtoto ashike. Kama mna chupa moja na watoto themanini, tafuteni chupa zaidi kabla ya kwenda. Kikivunjika kitu, kivunjike. Na shule isiwe ya Waislamu peke yao. Mtoto wa jirani ana haki ya jirani.

La pili, semeni naye kwa lugha anayoielewa. Watoto wetu nyumbani wanaongea Kirundi na Kiswahili, na sayansi wanaikuta kwa Kifaransa. Wengi wanakariri neno bila kukijua kitu. Mwonyeshe kitu kwanza, mweleze kwa lugha yake, kisha mpe neno la Kifaransa la mtihani. Na mwambie ukweli wote, hata ule usiopigiwa makofi.

La tatu, rudini. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Shule moja mliyoitembelea mara sita ni bora kuliko shule sita mlizopita mara moja. Kosa la safari ya kwanza husahihishwa na safari ya pili, na asiyerudi halijui hata kosa lake.

Ndugu yangu unayesoma udaktari, uhandisi au ualimu, elimu uliyonayo ni amana. Mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, na moja wapo ni elimu yenye manufaa. Huenda elimu hiyo ikawa ni mtoto mmoja wa Buyenzi anayemwambia mama yake leo jioni: "Mama, haya maji tuyachemshe kwanza."

Ewe Mola wetu, tuepushe na elimu isiyonufaisha. Zitakase nia zetu, tusamehe pale tulipomkunjia uso aliyekuja kutafuta. Amin.

Wabillahi tawfiq.