Talanta Moja Ni Kiasi Gani?

Kuna neno la Kiingereza ambalo hata shosho wa kijijini siku hizi analo mdomoni: "talent". "Huyo msichana ako na talent," tunasema, kwa sababu anaimba au anapiga kinanda. Na mwingine kule viti vya nyuma anajiambia, "Mimi sina talent yoyote." Maneno hayo yananisumbua, na ndiyo yamenifanya nilichimbue hili neno.

Lilianza kwa Wagiriki. "Talanton" ilikuwa mizani, halafu ikawa uzani wenyewe. Ule wa Athene ulikuwa kama kilo 26. Fedha ya uzani huo ikawa kipimo cha pesa nyingi. Warumi wakasema "talentum". Hapo hakuna kuimba wala kupiga mpira! Ni kuanzia karne ya 15 hivi ndipo Waingereza walianza kuita uwezo wa mtu "talent", na walilitoa kwa mfano wa Yesu, Mathayo 25. Yaani hata mtu asiyeingia kanisani, akisifu "talent" ya mchezaji, anaongea Biblia bila kujua.

Lakini hebu soma mstari wa 15 polepole. Mmoja alipewa talanta tano, mwingine mbili, mwingine moja, kila mtu kulingana na uwezo wake. Umeona? Uwezo walikuwa nao tayari. Talanta ilikuja baadaye, ikapimwa kwa huo uwezo. Sasa itakuwaje talanta iwe ndiyo uwezo? Ilikuwa mali ya bwana wao, na siku ya hesabu ilikuwa inakuja.

Na ile moja haikuwa kitu kidogo, tafadhali. Talanta ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ni malipo ya kibarua kwa siku, kama tunavyoona Mathayo 20. Mtu wa mjengo akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, hiyo ni miaka 20. Yule mtumwa alizika miaka 20 ya jasho kwa sababu ya woga.

Najua mtu atasema uwezo pia umetoka kwa Mungu. Amina, na ndiyo maana Kiswahili kinasema kipawa, kitu ulichopewa. Lakini "talent" ya siku hizi inamsifu aliye nayo, na inamsahau mwenye mali. Mimi naona hivi: sauti ya mwimbaji ni uwezo wake, talanta ni maikrofoni na wale watu mia wanaomsikiliza. Na mama anayewekewa pesa za chama, ambaye hata wimbo mmoja hawezi kuushika, ana talanta mkononi kila wiki.

Kwa hivyo ukipewa ile fomu ya huduma, inayouliza una talent gani, usiache nafasi wazi. Andika ulichoaminiwa, hata kama ni funguo za kanisa tu.