Feni Ikipiga Kelele, Tafuta Joto



Wapendwa vijana, leo nawaomba mfungue Biblia, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, kuanzia mstari wa 9 hadi wa 18. Nabii Eliya yuko pangoni, katika mlima Horebu. Amechoka, ana hofu, na malkia Yezebeli anamtafuta amuue. Ukapita upepo wa kupasua miamba, likaja tetemeko, ukaja moto, na Bwana hakuwamo. Baada ya hayo ikasikika sauti ndogo, tulivu. Hapo Eliya akaufunika uso wake.

Mara nyingi tukifundishwa sehemu hii tunaambiwa: zima simu, nenda mahali pa kimya, utamsikia Mungu. Ni kweli. Ila kuna jambo tunalipita haraka, na kwangu mimi limefunguka kupitia kompyuta ya ofisi ya vijana hapa parokiani.

Kompyuta hiyo tunaitumia kurekodi masomo ya Dominika na tafakari fupi, kisha tunawatumia kwa WhatsApp wagonjwa na wazee wasioweza kufika kanisani. Feni ya prosesa yake ilikuwa inavuma mno. Sisi tunaoshinda mle ofisini masikio yalishaizoea. Bibi mmoja wa jumuiya yetu, ambaye hatoki kitandani, ndiye aliyeniuliza kwa upole: "Mjukuu wangu, hiyo Injili mnaisomea kwenye mashine ya kusaga?" Tukacheka wote. Kisha akaniambia kwamba huwa anarudia kusikiliza mara tatu ili ayapate maneno yote, maana kwa wiki nzima chakula chake cha roho ni hicho.

Jamani, hapo kicheko kilikwisha.

Tulipokutana, kijana mmoja akapendekeza tuchomoe waya wa feni kila tunaporekodi. Kimya kingepatikana, ndiyo, lakini kwa muda mfupi tu. Prosesa inafanya kazi kwa umeme, na umeme huo unageuka joto. Joto lisipoondolewa, prosesa inapunguza mwendo ili ijiokoe, na likizidi mashine inajizima yenyewe. Ungebaki na kimya cha kompyuta isiyofanya kazi.

Basi tukaizima, tukachomoa umeme, tukafungua boksi. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye mapezi ya kile kipande cha alumini kinachokaa juu ya prosesa na kuivuta joto. Pesti inayopakwa katikati yao ilikuwa imekauka kama chaki. Beringi ya feni nayo ilikuwa imechakaa. Kumbe feni haikuwa na ukorofi wowote! Mazabodi ilikuwa inapima joto na kuiamuru izunguke kasi zaidi, na kadiri hewa ilivyozibwa na vumbi, ndivyo ilivyozidi kukimbia na kupiga kelele.

Tulifuta pesti ya zamani, tukapaka mpya kidogo tu, tukafunga kipoza joto kikubwa zaidi. Kabla ya kununua tulipima nafasi ndani ya boksi, na tukahakikisha kinakaa kwenye aina ya mazabodi yetu. Feni ya zamani ilikuwa ya milimita 80, mpya ni ya milimita 120. Si unajua ungo mkubwa unapepeta taratibu na kazi inakwenda? Ndivyo ilivyo: feni pana inasukuma hewa ileile kwa mizunguko michache, kwa hiyo haina sababu ya kupiga kelele. Sasa bibi anasikiliza mara moja akaelewa. Mara ya pili, anasema, ni kwa kupenda tu.

Sasa turudi kwenye roho zetu.

Kijana mwenzangu, ukienda kuabudu Ekaristi ukapiga magoti, na ndani yako kunavuma kelele tupu, usijilaumu haraka kwamba hujui kusali. Jiulize joto liko wapi. Kelele ya ndani ina chanzo. Huenda ni deni unalomficha mzazi. Huenda ni mkeka uliobeti ukachanika, na unatafuta hela ya kurudishia. Huenda ni ndugu ambaye hamsalimiani tangu mlipogawana urithi. Au ni dhambi ndogo ndogo zilizotulia kama vumbi miezi na miezi bila kwenda kwenye Kitubio. Unaweza kuzima simu usiku kucha, kelele hiyo ikaendelea, maana haikutoka kwenye simu.

Na tusiingie kwenye kosa la pili, la kuchomoa feni. Wapo vijana wanaodhani utulivu wa kiroho ni kuacha kazi, kuacha masomo, kutojibu ujumbe wa mama, ili "nibaki na Mungu". Hebu soma tena habari za Eliya. Baada ya ile sauti ndogo, Mungu hakumwacha akae pangoni. Alimrudisha njiani, akampa kazi ya kuwapaka mafuta wafalme wawili, na Elisha awe nabii baada yake. Kimya cha Mungu kilimrudishia wito wake.

Hata Martha, katika Luka sura ya 10, hakulaumiwa kwa sababu ya kupika. Bwana aliuona moyo wake uliokuwa unazunguka huku na huku kwa mahangaiko mengi. Yesu mwenyewe, Marko sura ya 1, aliamka alfajiri akaenda kusali peke yake, na baada ya hapo akaondoka kwenda kuhubiri vijiji vingine. Kazi zake zilikuwa nyingi kuliko zetu, ila alikuwa na mahali pa kupeleka joto: kwa Baba.

Mtazameni pia Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alifariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 tu. Hakuikimbia kompyuta, aliitumia kukusanya habari za miujiza ya Ekaristi ili wengine wasome. Lakini Misa ya kila siku ndiyo iliyokuwa pumzi yake.

Wiki hii nakuomba mambo matatu. Kwanza, kaa dakika 10 kimya, utaje kwa jina kitu kinachokupa joto. Pili, nenda kwenye Kitubio kabla ya Dominika. Tatu, muulize mtu anayekupenda: "Unasikia nini ukiwa karibu nami?" Mara nyingi kelele yetu wanaisikia wengine kabla yetu, na anayeumia ni yule mnyonge anayengoja neno jema kutoka kwetu.

Tuombe. Ee Bwana, Wewe unaijua kazi uliyotupa na uchovu wetu. Utuonyeshe joto tunalolificha, utusafishe vumbi letu, utupe moyo mpana unaofanya kazi bila kelele, ili wanaotusikiliza wakusikie Wewe. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Tuonane Dominika, Mungu akipenda.