Rizki ya Mtoto wa Kaa

Mkazi wa Miembeni aliyezoea kuteremka ufukweni na kugeuza mawe ya Ziwa Victoria amjua kaa wa maji baridi, na yamkini amekwisha kuliona jike lake likiwa limebeba, katika mkunjo wa chini ya tumbo, watoto ambao tayari ni kaa kamili wenye miguu na magando, wakimng'ang'ania mama hata wapate nguvu ya kujitegemea. Aina moja ya kaa hao imepewa na wataalamu jina la Emin Pasha, yule aliyeweka kituo cha Wadachi hapa Bukoba mwaka 1890.

Kaa wa bahari hawi hivyo. Mayai ya kaa mkubwa wa mikokoni hupita milioni, nayo yaanguliwapo hutoka kiumbe asiyefanana na mzazi wake hata kidogo, mwenye macho makubwa na mwiba mrefu kichwani, aitwaye zoea, ambaye huchukuliwa na mikondo huku akijivua gamba mara kadhaa, mpaka apate umbo jingine, megalopa, lenye magando, ndipo ashuke chini kutafuta maskani. Wapo miongoni mwao, kama Scleroplax granulata wa pwani ya Pasifiki ya Marekani, mdogo kama ukucha wa kidole, ambao maskani yao ni nyumba ya mwingine: kamba wa topeni, ambao wenzao wachimbaji wamo pia katika pwani yetu, hujifukulia mahandaki marefu na kuyapitisha maji ndani kwa kuyapepea na vijiguu vya tumboni, na katika maji hayo kaa mdogo hupata hewa na kinga ambazo hakuzitolea jasho.

Wengi wetu tumelelewa kuisoma rehema ya Mwenyezi Mungu kwa yule kaa wa Ziwa, mama asiyewaacha wanawe. Na tukionyeshwa huyu wa bahari, aliyetupwa mkondoni akiwa hana hata umbo la kwao, kisha akafika kwenye mlango wa asiyemjua akapata makao, twasema kwa furaha kwamba rizki yake ilikwisha kuandikwa. Mimi kauli hiyo hunitia mashaka, si kwa sababu ya huyo aliyefika, bali kwa sababu ya maelfu waliotoka naye na kuliwa njiani. Husemwa kwamba hao nao walikuwa rizki ya samaki, na ni kweli. Lakini shibe ya mlaji si jawabu kwa aliyeliwa, na mwenye kulitoa jawabu hilo aghalabu hajajiweka upande wa pili wa swali.

Wala huo ukarimu wa mwenye shimo hautusaidii. Katika mito ya misituni ya Afrika Mashariki, kaa mwenyewe ndiye mwenyeji, na mgeni wake ni lava wa inzi mweusi, Simulium neavei, anayejishika kwenye gamba lake mpaka akue, aruke, na kuwauma watu akiwaambukiza usubi unaopofusha. Siri hiyo waliifumbua van Someren na McMahon huko Kenya mwaka 1950, wakati ambapo mito ilikuwa imekwisha kuanza kutiwa DDT kumwangamiza inzi huyo. Kaa hamdhamirii mtu upofu, kama vile kamba asivyomdhamiria mgeni wake wema. Mlango ni ule ule, wazi kwa kila awezaye kuingia. Basi tukiuita mlango wa kamba rehema, tumwambie nini kipofu aliyeishi kando ya mto?

Sisemi kwamba rehema haipo. Naamini ipo, na naamini haikumkosa hata yule aliyemezwa siku ya kwanza. Lakini imani hiyo siipati kwa kuhesabu waliosalimika, kwa kuwa kusalimika kwao hakunielezi chochote juu ya wenzao, na anayeifanya salama yake kuwa hoja ya kupendwa na Mola wake amekwisha kuwahukumu waliokosa salama, apende asipende. Ndiyo maana huniumiza sana kumsikia mtu, katika matanga ya mtoto mchanga, akishukuru kwa sauti kwamba wa kwake alihifadhiwa, mbele ya mama ambaye aliomba dua zile zile.