Kwa Vijana Mnaoshika Udongo

Wanangu, nafurahi kuona mikono ya vijana imerudi kwenye udongo. Kulikuwa na wakati kijana aliyesoma ukimtajia ufinyanzi anaona umemtukana. Ilikuwa kazi ya bibi zetu, tena kazi ya shida, mpaka wahenga wakasema mfinyanzi hulia gaeni. Leo mnafungua karakana mijini, mnatengeneza vikombe, sahani na vyombo vya maua, na watu wanavinunua kwa bei ya heshima. Basi nina neno moja la kuwaambia: kabla hujajiita mbunifu, nenda ukakae na akina mama wanaofinyanga karibu na kwenu. Usiende kuwapiga picha tu. Kaa nao.

Mtaniambia soko la leo linataka mengine. Nitawajibu kwa mtu ambaye soko hilo lenyewe limemkubali. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Mwaka 1971 alikwenda Uingereza, akaanza na sanaa ya matangazo huko Cambridge, kisha akavutwa na udongo na kuingia chuo cha sanaa cha Farnham. Angeweza kutosheka na walimu wa huko na vitabu vyao. Lakini mwaka 1974 alifunga safari hadi Abuja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi kilichoanzishwa na Mwingereza Michael Cardew, na hapo akajifunza kwa wanawake wa Kigwari jinsi ya kukijenga chungu kwa mkono, bila gurudumu. Baadaye alifika pia New Mexico, Marekani, kuona vyungu vyeusi vya wenyeji wa San Ildefonso. Masomo ya Royal College of Art, London, aliyamaliza mwaka 1982, akiwa tayari ameshakaa miguuni pa akina mama hao. Leo vyungu vyake viko British Museum na Metropolitan Museum ya New York, na mwaka 2020 Uingereza ilimtunuku cheo cha Dame.

Katika kituo hicho cha Abuja alikuwepo Ladi Kwali. Huyu msimhesabu kuwa mwanafunzi aliyetengenezwa na Mzungu. Alikuwa ameshabobea, na Cardew alivikuta vyungu vyake nyumbani kwa Emir wa Abuja kabla hajamfahamu mwenyewe. Mwaka 1954 alijiunga na kituo, mwanamke wa kwanza kupokelewa pale. Alijifunza gurudumu na glezi, lakini mitungi iliyompa jina ni ile aliyoendelea kuijenga kwa mkono kama alivyofundishwa na shangazi yake, akiichora mijusi, nge na nyoka. Picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Nchi nzima imemweka mfinyanzi kwenye fedha yake, wakati kwetu wapo bado wanaoona haya kusema mama yao alifinyanga.

Sasa mtazameni Odundo anavyofanya kazi. Anaanza na donge la udongo, analitoboa katikati na kulivuta juu kwa vidole, kisha anaongeza kamba za udongo mpaka afike shingoni. Anakwangua kwa kipande cha kibuyu, kama walivyofanya bibi zetu. Anapaka uji mwembamba wa udongo, anasugua kwa jiwe laini, anapaka tena, anasugua tena. Glezi hakuna, mng'ao wote ni wa mkono. Chungu kikichomwa penye hewa ya kutosha, chuma kilichomo kwenye udongo kinakipa wekundu wa chungwa lililoiva. Akitaka kiwe cheusi, anakifungia ndani ya chombo kingine pamoja na vibanzi vya mbao, anakichoma upya kikiwa kimenyimwa hewa, na wekundu unageuka weusi. Maarifa hayo wafinyanzi wengi wa Afrika wanayo tangu kale. Yeye aliyafuata kwa wenyewe, akayatumikia miaka na miaka mpaka yakawa yake.

Na aliye Tanzania hana haja ya kwenda Abuja. Nenda Ziwa Nyasa. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe wanafinyanga mpaka leo, na Jumamosi vyungu vyao huuzwa sokoni Lyulilo, jirani na Matema, wachuuzi wakavipeleka Mbeya na mbali zaidi. Kichukue kimoja, kigonge kwa kidole, usikilize. Pitisha mkono ndani uone jinsi ukuta ulivyo sawa toka kitako hadi mdomoni. Aliyekifanya hakuwa na gurudumu la umeme wala kipimajoto. Muulize udongo wake anauchimba wapi, anauchanganya na nini, anauanika siku ngapi kabla ya moto. Wako wafinyanzi wanaotia mchanga, wako wanaotia vigae vilivyopondwa, na sababu ipo: chungu cha kukaa jikoni kinahitaji chengachenga hizo ili kihimili moto bila kupasuka.

Ukishajua hayo, hata tanuri la umeme utalielewa. Maji yaliyobaki ndani ya ukuta yatachemka yakifika nyuzi 100 na kukilipua chombo. Zikifika nyuzi 573, chembe za kwatzi hutanuka ghafla, na wakati wa kupoa husinyaa ghafla vilevile. Hapo ndipo wenye pupa ya kufungua tanuri wanapopoteza kazi ya mwezi mzima.

Kuhusu glezi nawasihi sana. Madini ya risasi yaliyomo katika baadhi ya glezi za moto mdogo hutoka polepole yakikutana na ndimu, siki au ukwaju, na mapishi yetu yamejaa vitu hivyo. Ukimuuzia mtu bakuli la achari, uwe unajua glezi yako ina nini. Kama hujui, usimuuzie. Na vumbi la udongo mkavu usilifagie, lina silika inayoharibu mapafu yasipone tena. Pangusa kwa kitambaa kibichi.

Lipo linaloniuma zaidi. Nimeona vyungu vya akina mama wa vijijini vikiuzwa mijini kwa kibandiko cha jina la mbunifu, na jina la aliyevifinyanga halipo popote. Huo ni unyang'anyi, hata kama risiti ipo. Njia nyingine ipo. Karakana ya Kazuri, kule Karen, Nairobi, ilianzishwa na Susan Wood mwaka 1975, kwa akina mama wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao, wakitengeneza shanga za udongo. Ilikua ikawa ajira ya mamia ya wanawake.

Udongo uwahi ungali maji, na akina mama hawa wanazeeka. Ndoo ya plastiki imewanyang'anya wateja, na mabinti zao wengi hawafinyangi. Kwa hiyo, wanangu, mtafuteni mmoja kabla mwaka huu haujaisha. Mlipeni siku zake kama mnavyolipa ada ya kozi mjini. Na kazi ya kwanza mtakayoiuza baada ya hapo, liandikeni jina la mama huyo kando ya lenu.