Mlango Uliofungwa Si Toba

Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, Serikali ya Kenya ilifunga mabaa, na kuanzia tarehe 27 ikakataza watu kutoka nje tangu saa moja ya usiku mpaka saa kumi na moja ya alfajiri. Mitaa ya Eastlands huko Nairobi, kama Buruburu, Umoja na Donholm, ambayo usiku haikuwa na utulivu kwa ngoma na ulevi, ikanyamaza. Kimya kama hicho twakijua sisi watu wa pwani, kwani Mtwapa na Malindi nazo hupoa kila wageni wa Ulaya wapunguapo. Wengi wakionapo husema: “Alhamdulillahi, maovu yamekwisha.” Je, neno hili ni sawa?

Ewe ndugu msomaji, dini yetu hupima amali kwa nia. Aliyeacha pombe kwa kumcha Mola wake ana thawabu zake. Ama aliyezuiliwa na rungu la askari, au na mfuko mtupu, huyo hakuacha kitu. Ulevi ungali moyoni mwake, wangojea mlango ufunguliwe. Na mlango ulifunguliwa: amri ile iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na ngoma zikarejea pale pale. Marekani nako pombe ilikatazwa kwa sheria mwaka 1920, na mwaka 1933 sheria ikavunjwa. Lakini watu wa Madina, katazo la mwisho lilipowafikia, waliimwaga wenyewe hata ikatiririka njiani, wala hapakuwa na askari mlangoni. Katazo lao lilikuja daraja kwa daraja, na mioyo ilikwisha kuandaliwa.

Tena tukumbuke kuwa siku zile misikiti nayo ilifungwa. Ikiwa baa kufungwa ni ucha Mungu, basi msikiti kufungwa ungekuwa ukafiri. Na hapana mwenye akili asemaye hivyo.

Liko na jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Nyuma ya kila mlango wa baa wako watu: mpishi, mfagiaji, bawabu, na mwanamke alishaye wanawe kwa kuwahudumia walevi. Riziki na maovu zilifungamana huko tangu zamani. Katika miaka ya 1920 baraza la mji wa Nairobi lenyewe liliuza pombe Pumwani, na faida yake ikatumiwa kwa mambo ya Waafrika. Na sisi twajua uchungu wa kufungiwa riziki. Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa zilifungwa siku moja, watu wasiingie wala wasitoke. Aliyeonja hayo atafurahiaje njaa ya mwenziwe?

Basi kimya kikija tena, Eastlands au Mtwapa, yatupasa tukione kuwa ni nafasi, wala si ushindi. Mhudumu aliyekosa kazi, naye kodi ya nyumba yamwandama, siku hiyo yu tayari kusikiliza, lakini hasikilizi hotuba tupu. Akiwa Mwislamu, mafukara na wenye madeni wana fungu lao katika zaka. Na asiye Mwislamu hatukukatazwa kumpa sadaka. Tumpe mtaji wa kuuza maandazi au cherehani ya kushonea kabla mlango wa baa haujafunguliwa, ili utakapofunguliwa awe na pa kwenda pengine.